Mstari wa Kumi na Saba

Shuleni mazingira yalikuwa fagio la chelewa,
miche ya mivinje nyuma ya choo
na mwalimu wa zamu akihesabu makaratasi.
Leo mazingira ni faili moja,
jina lake linaanza na nukta,
na kianzacho na nukta mashine hukificha
kama noti katika pindo la kanga.

Niko Ngamiani, barabara ya kumi na tatu,
chumba cha nyuma cha ushirika wa maziwa.
Seva ni kompyuta ya mnada, imekalia kreti la soda,
feni inakoroma.
Kazi yake moja tu: kuyatazama matangi,
Pongwe, Muheza, Mkuzi, Maramba,
na kupiga kelele joto likipanda.
Aliyeiwasha kwanza ni Semboja.
Mimi nimerithi ufunguo
na neno la meneja: "Usiiharibu."

Basi najaza vigeu vya mazingira.
MWENYEJI, sawa, namba nne zenye nukta katikati.
MLANGO, sawa, elfu tatu.
Hapo nikaacha nafasi kabla ya alama ya sawa,
nafasi ya kupumua tu, kama niandikavyo barua.
Seva ikagoma.
Saa nzima natafuta kosa,
na kosa lilikuwa hewa.
Jina na thamani yake havitaki upenyo.
(Kuna ndoa ninazijua za namna hiyo.)

Kisha SAA.
Mashine ilizaliwa ikihesabu saa za watu wengine.
Yenyewe ikiandika moja,
simu yangu yaandika nne,
na Mama Nasra wa Pongwe, ndoo mkononi, kiwele kimejaa,
anasema ni saa kumi.
Kiza kimoja, ng'ombe mmoja, saa tatu!
Nikaielekeza ifuate ya simu.
Ya Mama Nasra haimo kwenye orodha.

SIRI nimeibadilisha.
Ya Semboja ilikuwa jina la ng'ombe
na mwaka aliozaa pacha.

Mstari wa kumi na saba:
MPOKEZI, sawa, namba ya simu ya Semboja.
Na juu yake, nyuma ya alama ya reli,
maneno ambayo mashine huyaruka:
usiguse huu.

Semboja tulimzika Mfungo Sita.
Sasa Rajabu inabisha hodi.
Nikafungua kumbukumbu: kengele kumi na moja,
zote usiku, zote zimekwenda kwa marehemu,
na hakuna hata lita moja iliyoganda.
Kikaoni meneja aliisifu mashine.

Nikaipiga ile namba.
Ikapokelewa mlio wa pili, sauti ya mwanamke,
na kabla ya salamu:
"Tangi lipi?"

Ni Bi Hadiya, mjane wake.
Simu huichaji kila magharibi,
huilaza upande wa kitanda uliobaki wazi.
"Ikilia nasoma: Pongwe, nyuzi saba.
Nampigia mlinzi, awashe jenereta.
Yeye alikuwa akifanya hivyohivyo, mimi nikijifanya nimelala.
Nilidhani mnajua."

Hatukujua.
Nikamuuliza kama niifute namba, apate usingizi.
Akanyamaza, nikasikia sufuria ikifunikwa.
"Usifute," akasema. "Ila leteni vocha.
Kumi na moja zote nimepiga kwa pesa zangu."

Nikaweka mkato, bila nafasi,
nikaandika yangu baada ya yake.
Nikaizima seva, nikaiwasha.
Waja leo waondoka leo, ndivyo programu zake zilivyo,
hufa na kuamka hazikumbuki kitu
mpaka zisomeshwe tena lile faili lenye nukta.

Chini ya maneno ya Semboja
nikaongeza yangu, nyuma ya reli:
namba ya kwanza ni ya Bi Hadiya.
Vocha kila Ijumaa.

Mashine ikayaruka,
ikaanza kutazama maziwa.